Mgonjwa Anaporudishwa Nyumbani Singida: Tiba Shufaa Yapaswa Kumfuata Hadi Kijijini

Mafanikio ya sekta ya afya nchini yamezoeleka kupimwa kwa idadi ya majengo yaliyokamilika, vifaa tiba vilivyonunuliwa na maisha yaliyookolewa. Vipimo hivyo ni vya haki, kwa kuwa kazi ya kwanza ya hospitali ni kuponya. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye vipimo hivyo havimgusi. Huyo ni mgonjwa aliyefika hospitali ya rufaa, akapimwa na kutibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, kisha familia yake ikaelezwa kwamba ugonjwa umefika mahali ambapo tiba ya kuponya haipo tena. Kwa lugha ya kawaida, amerudishwa nyumbani.

Swali la msingi kwa mkoa kama Singida ni hili: mgonjwa huyo anaporudi kijijini, huduma ya afya inarudi naye au inabaki hospitalini? Jibu lake linagusa kila kaya, kwa sababu hakuna kaya isiyouguza na hakuna kaya isiyofiwa.

Mkoa mpana, kaya zilizotawanyika

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una wakazi 2,008,058. Wakazi hao wameenea katika eneo la takribani kilomita za mraba 49,000, sawa na watu wapatao 41 kwa kila kilomita moja ya mraba. Halmashauri zake saba, yaani Manispaa ya Singida, Wilaya ya Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi, zinajumuisha mji unaokua kwa kasi kando ya Ziwa Singidani, vijiji vya wakulima wa alizeti na vitunguu, maeneo ya wafugaji, na makazi ya Wahadzabe yaliyo Mkalama kuelekea Bonde la Ziwa Eyasi.

Huduma za hospitali zinatolewa kwa pamoja na Serikali na taasisi za dini. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, zipo hospitali za halmashauri, na zipo hospitali zenye historia ndefu kama Makiungu iliyopo Ikungi, Iambi iliyopo Mkalama na Mtakatifu Gaspari ya Itigi. Wakazi wa kaskazini mwa mkoa huvuka pia kwenda Haydom, Mkoa wa Manyara. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi wa kibingwa zaidi hupelekwa Dodoma, umbali wa takribani kilomita 240 kutoka Singida mjini, na anayehitaji tiba ya mionzi kwa saratani amekuwa akisafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, takribani kilomita 700, au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Safari hizo zina gharama ambayo haionekani katika stakabadhi za hospitali. Familia huuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha magunia ya alizeti kabla ya bei kupanda. Ndugu mmoja au wawili huacha shamba ili kumsindikiza mgonjwa. Iwapo ugonjwa umegundulika ukiwa umekwisha kusambaa, kama inavyotokea kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa saratani nchini, familia hurejea ikiwa na mgonjwa asiyeweza kupona, mifuko mitupu na maelezo machache kuhusu namna ya kumtunza. Hapo ndipo mahali pa tiba shufaa.

Tiba isiyosubiri kukata tamaa

Tiba shufaa ni huduma inayolenga kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa unaotishia uhai na kuisaidia familia yake, tangu ugonjwa unapogundulika hadi baada ya mazishi. Inashughulikia maumivu ya mwili, hofu na huzuni, mahangaiko ya kifedha, pamoja na maswali ya imani ambayo mtu hujiuliza anapoona siku zake zinapungua. Msingi wake wa kisasa uliwekwa na Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, aliyefungua Hospice ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sura nyingi, na kwamba kutibu sura moja na kuacha nyingine ni kuacha kazi katikati.

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuielewa huduma hii kuwa ni tangazo la kifo. Ukweli ni kwamba inaweza kutolewa sambamba na tiba ya kuponya. Anayeendelea na mionzi anahitaji kulala usiku bila maumivu. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo ulioshindikana anahitaji msaada wa kupumua kwa utulivu. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji kugeuzwa kitandani asipate vidonda. Mtoto mwenye saratani anahitaji kucheza, hata kama siku zake ni chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 duniani wanahitaji huduma hiyo kila mwaka, wakiwamo milioni 25.7 walio katika mwaka wa mwisho wa uhai wao. Walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na ni takribani asilimia 14 tu ya wahitaji wote wanaoipata. Mwezi Mei 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba nchi wanachama ziiingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya kuanzia ngazi ya msingi. Azimio hilo ndilo lenye uzito kwa Singida, kwa kuwa ngazi ya msingi ndiyo zahanati, na zahanati ndiyo iliyo karibu na kitanda cha mgonjwa.

Tanzania haianzi sifuri. Katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza nguvu kazi na dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wananchi, watumishi wa afya na wahudumu wa kujitolea walijenga utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kutokana na uzoefu huo, Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza huduma ya kuwatunza wanaokaribia kufa mwaka 1999, na baadaye Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaieneza katika hospitali zake nyingine. Ocean Road nayo ilijenga kitengo cha tiba shufaa kwa wagonjwa wa saratani. Umoja unaounganisha watoa huduma hii barani Afrika nao ulizinduliwa rasmi katika jiji la Arusha mwaka 2004.

Morfini: dawa nafuu, njia ndefu

Kiini cha utulivu wa mgonjwa mwenye saratani iliyosambaa ni kudhibiti maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 1986 ulieleza ngazi tatu: dawa za kawaida kama parasetamo kwa maumivu madogo, dawa za kati kama kodeini kwa maumivu yanayozidi, na morfini kwa maumivu makali. Morfini ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa hiyo na maji safi kwa vipimo maalumu. Mgonjwa huinywa kwa mdomo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na kipimo cha usiku huweza kuongezwa ili asikatishiwe usingizi. Haihitaji sindano wala mashine, na haimlazimu mgonjwa kulazwa.

Jambo muhimu ni kwamba dawa hiyo hutolewa kwa saa na haisubiri mgonjwa alie. Maumivu yakiachwa yafike kileleni, kuyarudisha chini huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Aidha, morfini husababisha choo kigumu, hivyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Haya ni maarifa ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuyamudu akifundishwa, na ndugu anayeuguza anaweza kuyafuata akieleweshwa.

Pamoja na unafuu huo, pengo la dunia ni la kutisha. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilibaini katika ripoti yake ya mwaka 2017 kuwa kati ya takribani tani 298.5 za dawa za kundi la morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 pekee. Bei ya unga wa morfini haielezi pengo hilo. Sababu zake kubwa ni hofu, sheria zilizotungwa kwa kutazama upande mmoja, na ukosefu wa mafunzo.

Hofu ya uraibu ina msingi wake. Tanzania imekuwa ikipambana kwa dhati na biashara ya dawa za kulevya, na Sheria ya mwaka 2015 iliipa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nguvu ya kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1961 unaosimamia dawa hizo unatamka kwamba matumizi yake kitabibu katika kutuliza maumivu hayana mbadala na kwamba upatikanaji wake kwa ajili hiyo lazima uhakikishwe. Wajibu wa nchi, kwa hiyo, una pande mbili: kuzuia dawa isifike mtaani na kuhakikisha inafika kitandani kwa mgonjwa. Upande mmoja ukitimizwa na mwingine ukasahaulika, mkataba umetekelezwa nusu.

Uzoefu wa Uganda unaonesha kwamba pande hizo mbili zinaweza kukaa pamoja. Dkt. Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia morfini ya maji. Mwaka 2004, nchi hiyo ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika, na serikali ikaitoa bila malipo kwa wagonjwa. Waganda walitambua kwamba daktari ni mmoja na vijiji ni vingi. Hali hiyo haitofautiani na ya Singida, ambako zahanati nyingi za vijijini huongozwa na tabibu au muuguzi.

Kwa msingi huo, kipimo cha kweli cha tiba shufaa mkoani ni umbali ambao morfini inasafiri kutoka Bohari ya Dawa. Ikiishia katika kabati la hospitali ya mkoa, mgonjwa wa kijiji cha mbali Itigi au Mkalama atalazimika kumtuma ndugu kila wiki kwa basi na bodaboda, na nauli itazidi thamani ya dawa. Ikifika katika hospitali za halmashauri na vituo vya afya vilivyoteuliwa, ikiwa na daftari la kumbukumbu na mtumishi aliyefundishwa, ulinzi wake hautapungua na manufaa yake yataongezeka.

Ukweli kitandani

Dawa peke yake haitoshi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, wakimaanisha kwamba anayeugua ahudumiwe bila kusubiri aombe. Busara hiyo imeokoa wengi. Lakini katika siku za mwisho, methali hiyo ikichukuliwa kwa pupa huweza kugeuka mzigo: mgonjwa haulizwi anataka kulala wapi, haulizwi anataka kumwona nani, haulizwi kama bado anataka safari nyingine ya hospitali. Ndugu huamua, naye hubebwa.

Ni jambo la kawaida familia kumwomba daktari asimweleze mgonjwa hali yake. Nia ni njema: asikate tamaa. Mara nyingi, hata hivyo, mgonjwa anajua. Anaona mwili unavyopungua, anasikia minong'ono inayokatika anapofumbua macho. Ukimya huo humnyima nafasi ya kusema aliyonayo: deni analodaiwa, mpaka wa shamba, mtoto aliyemzaa nje ambaye nduguze hawamjui, ugomvi anaotaka kuumaliza na kaka yake, au sala anayotaka kuombewa. Mtumishi aliyefundishwa tiba shufaa hamwangushii mgonjwa ukweli kama jiwe. Humuuliza kwanza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani, kisha huenda naye kwa mwendo wake.

Hapa viongozi wa dini wana nafasi isiyoweza kujazwa na mtu mwingine. Sheikh, padri, mchungaji au mwinjilisti huingia katika nyumba ambayo mtumishi wa afya huifikia mara moja kwa mwezi. Wakishirikishwa katika mafunzo, wataweza kumfariji mgonjwa na wakati huohuo kutambua kwamba maumivu yake yanahitaji dawa na kutoa taarifa. Hali kadhalika kwa waganga wa tiba asili, ambao familia nyingi huwaendea kwanza. Kuwatenga kunawasukuma wagonjwa gizani, ilhali kuzungumza nao kunafungua njia ya rufaa ya mapema.

Mikono inayouguza

Katika kaya za Singida, kuuguza kumekuwa kazi ya wanawake: mke, binti, mama au mkwe. Ni kazi ya saa 24. Mgonjwa asiyejiweza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Nguo na mashuka yanapaswa kufuliwa kila siku, katika mkoa wenye ukame ambao baadhi ya vijiji vyake hupata maji kwa kutembea mwendo mrefu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Kaya inayouguza katika miezi hiyo ikashindwa kulima huvuna njaa mwaka unaofuata, hata kama mgonjwa amekwisha kuzikwa. Binti anayeacha shule ili kumtunza mama yake hulipa gharama hiyo kwa maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo, huduma bora humhesabu anayeuguza kuwa sehemu ya wanaohudumiwa. Humfundisha kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo, kusafisha kidonda chenye harufu, kulowesha midomo iliyokauka, na kutambua dalili kwamba mwisho umekaribia: kupungua kwa hamu ya kula, usingizi mrefu, miguu na mikono kuwa ya baridi, pumzi inayokatika na kurudi. Familia isiyojua dalili hizo huweza kumlazimisha mgonjwa kula hadi akapaliwa, au kumpakia katika gari usiku wa manane na kumpoteza njiani. Familia inayozijua hukaa naye, humshika mkono na kumwachia aondoke kwa amani.

Baada ya matanga

Jamii za Singida, kama zilivyo jamii nyingine za Tanzania, zina utajiri mkubwa wa kufarijiana. Kengele ya msiba ikilia, majirani huja na kuni, maji, unga na rambirambi. Vikundi vya kufa na kuzikana hugharamia jeneza au sanda, usafiri na chakula. Waislamu husoma hitima na mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10; Wakristo hufanya ibada na baadaye shukrani. Hakuna mpango wa serikali unaoweza kuchukua nafasi ya mikono hiyo, wala hakuna sababu ya kujaribu.

Udhaifu upo katika wakati. Michango na watu hujaa siku za mwanzo, kisha matanga huanuliwa na kila mtu hurudi kwake. Mfiwa hubaki na nyumba kimya, madeni ya matibabu na watoto wanaouliza maswali. Walio wengi huinuka taratibu kwa msaada wa ndugu na imani. Wachache hawainuki. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, unatambua hali ya majonzi yaliyopitiliza, ambapo mtu huendelea kuelemewa kwa zaidi ya miezi 6 hata kushindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Mtu wa aina hiyo hupaswi kumwambia ajikaze. Anahitaji msaada wa kitaalamu. Ziara moja ya mhudumu au afisa ustawi wa jamii miezi miwili au mitatu baada ya mazishi inaweza kumtambua mapema.

Majonzi huongezeka pale msiba unapofuatiwa na ugomvi wa mali. Kihistoria, Wanyaturu hufuata ukoo wa baba ilhali Wanyiramba walifuata ukoo wa mama, na ndoa za siku hizi huwakutanisha watu wa mila tofauti pamoja na sheria za dini na za nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata hivyo, sheria hiyo haimfikii mjane asiyeijua. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyofika pia mkoani Singida, imeonesha kwamba huduma ya sheria inaweza kupelekwa hadi kijijini. Kinachobaki ni kuiunganisha na huduma ya afya, ili wosia uzungumzwe mgonjwa akiwa na akili timamu na mashahidi wakiwapo, badala ya kubishaniwa juu ya kaburi.

Lipo pia suala la nyaraka. Anayefia nyumbani hana taarifa ya hospitali ya kuthibitisha kifo chake. Familia inapaswa kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji na kusajili kifo ndani ya siku 30 ili kupata cheti kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Bila cheti hicho, kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kupata fedha zilizo benki au mafao ya marehemu huwa kazi ngumu. Mhudumu anayemtembelea mgonjwa ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuieleza familia utaratibu huo kabla hekaheka za msiba hazijaanza.

Misingi iliyopo na hatua zinazowezekana

Nchi tayari imejenga baadhi ya nguzo zinazohitajika. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024, umelenga kuwapata wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano, wakitoka katika vitongoji na mitaa wanayoishi. Mhudumu huyo akifundishwa kutambua maumivu, kufuatilia dawa na kumsaidia anayeuguza, kitongoji kitakuwa na jicho la kwanza la tiba shufaa. Hataandika morfini, lakini atajua nani anaihitaji na nani imemwishia.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama, unaomwezesha mjamzito au familia yake kupiga namba 115 bila malipo, umethibitisha kwamba simu na madereva wa kijamii vinaweza kufupisha umbali. Mantiki hiyohiyo inaweza kutumika kwa namna nyepesi zaidi kwa mgonjwa wa nyumbani: simu ya muuguzi wa kituo cha afya anayeweza kuulizwa usiku kama kipimo cha dawa kiongezwe, na utaratibu wa kuipeleka dawa pamoja na gari la chanjo au la usimamizi linalokwenda upande huo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inafungua mlango. Bima huandaliwa kwa kuzingatia kulazwa, upasuaji na vipimo. Ziara ya nyumbani, dawa ya maumivu na ushauri kwa familia vikitambuliwa kikamilifu katika huduma zinazolipiwa, kituo cha afya kitakuwa na sababu ya kuvitoa na kaya haitalazimika kuuza ng'ombe wa mwisho. Hata hesabu ya fedha inaunga mkono jambo hilo: mgonjwa aliyetulizwa nyumbani hapandi basi mara tatu kutafuta tiba ambayo haipo.

Kwa upande wa mkoa, hatua za kuanzia hazihitaji majengo mapya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hospitali za halmashauri na zile za taasisi za dini zinaweza kukubaliana juu ya fomu moja ya kumrudisha mgonjwa nyumbani, inayotaja dawa anazotumia, jina la kituo kitakachomfuata na namba ya kupiga. Waganga Wakuu wa Halmashauri wanaweza kuweka idadi ya wagonjwa wa tiba shufaa na siku ambazo morfini ilikosekana miongoni mwa taarifa zinazojadiliwa kila robo mwaka. Jambo lisilohesabiwa husahaulika kwa urahisi, na mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hawezi kuja ofisini kulalamika.

Kinga nayo isiachwe. Chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana, pamoja na uchunguzi wa mapema, itapunguza idadi ya wanawake watakaohitaji morfini miaka 20 au 30 ijayo. Lakini chanjo ya leo haimfikii mama anayeugua leo. Kwake, huduma inayobaki ni ile inayoweza kupatikana wiki hii, katika nyumba yake, kwa mikono ya watu anaowajua.

Kila mkazi wa Singida, tajiri au fukara, wa mjini au wa porini, atauguza na siku moja atauguzwa. Zahanati imekwisha kusogezwa karibu na kitongoji. Kazi iliyo mbele ni kuhakikisha kwamba ndani ya zahanati hiyo yupo mtu anayemjua mgonjwa aliyerudishwa nyumbani, ipo dawa ya kumtuliza, na upo utaratibu wa kubisha hodi kwa familia yake baada ya waombolezaji kuondoka.